Mwalimu wa Wasimamizi wa Temeke

Mara ya kwanza nilipokwenda kuomba nafasi katika shule yake, alinirudisha. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi, nimebeba cheti changu cha useremala ndani ya bahasha, na njia nzima kutoka Keko nilikuwa nikijizoeza namna ya kumjibu kwa Kiingereza. Bahasha hakuitazama. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, anafagia darasa lake mwenyewe, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Unasimamia watu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Karakana ya samani, pale Keko. Nina mafundi na wapaka vanishi."

"Basi nenda ukaniletee mmoja wao."

Nilidhani hakunielewa. Nikamwambia kwamba anayetaka kusoma ni mimi.

"Najua," akasema, huku akisukuma vumbi nje. "Wewe nitakufundisha. Yeye ataniambia nianzie wapi."

Jumamosi iliyofuata nikaenda na Saidi, mpiga msasa wetu, mtu wa Buguruni. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mkimya. Niliona hatakuwa na mengi ya kusema. Mwalimu akamkaribisha ndani, akampa kiti na chai. Mimi nikaambiwa nikae nje, kwenye gogo. Walikaa mle mpaka kivuli cha nyumba kikahama. Nilisikia wakicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakacheka tena. Saidi alipotoka nilimwuliza tukiwa njiani kurudi:

"Amekuuliza nini?"

"Ameniuliza ukikasirika unafanyaje."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia unanyamaza kutwa nzima, na sie tunaharibu kazi kwa kukisia umekasirikia nini."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Nilitembea naye mpaka Keko sijui niweke uso wangu wapi. Jumatatu nikapokelewa shuleni, na katika muda wote niliosoma pale, kila nilipoanza kununa darasani Mwalimu aliweka chaki chini na kungoja. Alingoja tu mpaka niseme kilichonikera.

Jina lake silitaji. Alipokuwa hai hakupenda litajwe; hata wenzake wa rika lake walimwita Mwalimu. Alikotoka pia sitaeleza, kwa kuwa sijui vizuri. Wengine walisema ni mtu wa Songea, wengine Tukuyu, na yeye alipoulizwa alijibu kwamba anatoka kazini. Tulichokijua ni kwamba alikuwa karani mkuu kwa miaka mingi katika nyumba moja ya biashara mjini. Meneja Mzungu alipokwenda likizo kwao, yeye ndiye aliyeendesha kila kitu, na meneja mpya alipofika, yeye ndiye aliyemfundisha kazi, kisha akarudi kwenye kiti chake cha ukarani. Mambo yalikwenda hivyo meneja mmoja baada ya mwingine. Siku moja akamaliza kumfundisha mgeni wa mwisho, akavaa koti, akaaga vizuri, akaenda Temeke kupanga chumba kikubwa nyuma ya nyumba ya mtu. Akaweka mabenchi na taa ya karabai, akafungua shule.

Shule za jioni hazikuwa chache siku zile. Watu walifundishwa kupiga taipu, kuandika hesabu za duka, kusoma Kiingereza cha kuombea kazi. Ya kwake ilikuwa tofauti na zote: hakumpokea anayetafuta kazi. Sharti uwe umekwisha kufuzu mahali fulani, una ufundi wako au elimu yako, na sharti uwe tayari una watu chini yako. Tulikuwa wasimamizi wa bohari, makarani wakuu, wanyapara wa barabara, mkuu wa wahudumu wa hoteli moja kubwa mjini. Tulitoka kazini tumechoka, tukaoga maji ya haraka, tukaenda kukaa kwenye mabenchi kama watoto. Watu wa mtaani walitucheka. Walisema wameona shule za wasiojua, lakini shule ya wanaojua ndiyo kwanza waione.

Yeye alisema walikuwa na haki ya kucheka. "Lakini waulizeni," aliwahi kutuambia, "ni nani aliyemfundisha bwana wao namna ya kumwambia mtu kwamba kazi yake ni mbaya. Kwa sababu wote wamekwisha kuambiwa, na wote wanaikumbuka siku hiyo."

Somo lake lilikuwa hivi. Mbele ya darasa kulikuwa na kiti kimoja cha mti. Kila jioni mmoja wetu alikikalia, akaeleza jambo lililompata kazini wiki ile: mtu mvivu, mtu mwizi, mtu hodari anayetaka kuondoka, bwana anayetoa amri mbili zinazopingana. Sisi wengine tuliuliza maswali. Tulikatazwa kutoa shauri kabla ya kuuliza. Na tulikatazwa Kiingereza. Makarani hilo liliwauma sana, maana Kiingereza ndicho walichokuwa nacho kuliko sisi mafundi.

"Kiingereza chako kinakuficha," alimwambia karani mmoja. "Sema kwa maneno uliyomwambia yule mpagazi."

Karani akasema maneno aliyomwambia mpagazi. Hayafai kuandikwa hapa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Sasa tunaweza kuanza."

Lakini alipokuja ofisa Mzungu kuikagua shule, Mwalimu alizungumza naye Kiingereza ambacho hatujapata kukisikia kwa mtu mweusi wala mweupe, kilichonyooka na kung'aa, na mara moja yule ofisa alilazimika kuuliza maana ya neno. Sisi kwenye mabenchi tulitazama chini ili tusionekane tunavyofurahi. Mgeni alipoondoka mkuu wa wahudumu akamwuliza mbona sisi anatukataza.

"Yule nilitaka anione," akasema. "Nyie nataka niwaone."

Mwanamke wa kwanza kuja pale alikuwa mkunga, msimamizi wa wodi ya wazazi. Tulimwita Bi Mkunga, mama mnene mpole anayetembea polepole. Jioni ile tulinong'ona. Mkuu wa wahudumu, ambaye alikuwa mtu wa adabu na ndiyo maana tulimwachia aseme, akasimama.

"Mwalimu, sie hapa tunazungumza mambo ya kazi. Nachelea mama wa watu atachoka bure."

Mwalimu alimwashiria aketi. Akamwomba Bi Mkunga akae kwenye kile kiti atueleze jambo la wiki yake. Bi Mkunga akakaa, akapanga kanga yake magotini, akaeleza. Wodini kulikuwa na wazazi wawili kwa wakati mmoja na wasaidizi watatu. Wawili kati ya hao wasaidizi walikuwa wamegombana tangu asubuhi kwa sababu ya maneno ya mtaani, na sasa mmoja hakubali kupokea beseni kutoka mkononi mwa mwenzake.

"Bwana," Mwalimu akamgeukia mkuu wa wahudumu, "wewe ungefanyaje?"

"Ningewaita ofisini wote wawili. Nikasikiliza huku, nikasikiliza huku."

Bi Mkunga akamtazama kwa huruma. "Mtoto anatoka, baba. Ofisi iko wapi?"

Darasa zima lilicheka, na mkuu wa wahudumu akacheka kuliko wote, mpaka akavua miwani akaifuta. Tulipotulia tukamwuliza Bi Mkunga yeye alifanya nini. Akasema alimpa yule mkali zaidi mtoto wa kwanza amshike, na mikono yake ilipojaa, akachukua beseni yeye mwenyewe kwa yule mwingine. Ugomvi aliuacha mpaka kulipokucha. Tangu jioni ile mkuu wa wahudumu alikaa benchi moja na Bi Mkunga, na mtu akieleza shauri lake, yeye alimwinamia kwanza kumwuliza anaonaje.

Nisimfanye Mwalimu malaika. Alitufundisha kuheshimu saa, na yeye mwenyewe mara nyingi alichelewa. Alikuja kwa baiskeli, na alikuwa anaogopa ng'ombe. Hilo halikuwa siri. Wachungaji walipopitisha ng'ombe barabarani kwenda mnadani, yeye alishuka, akaingiza baiskeli vichakani, akasimama humo na koti lake jeusi mpaka mkia wa mwisho upite. Kisha alifika darasani na majani kwenye soksi, akatuambia kwamba msimamizi anayechelewa anawaibia watu wake.

Alitufundisha pia namna ya kumwachisha mtu kazi bila kumvunjia heshima. Lilikuwa somo zuri, nimelitumia. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na mlinzi wa shule, mzee mmoja aliyepaswa kufagia na kuwasha karabai, ambaye tangu tumjue alikuwa amelala kwenye benchi la nyuma. Mwalimu alifagia, Mwalimu akawasha taa, na akapita kwa vidole vya miguu asimwamshe. Siku moja nilithubutu kumwuliza kwa nini hamwachishi.

"Mkewe na mke wangu hushinda pamoja kila siku," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakula nini?"

Na lile suala la vyeti. Alisema karatasi haimfanyi mtu kuwa msimamizi, na alilisema kila mara. Lakini aliyemaliza kwake alipewa cheti kilichoandikwa kwa mkono wake, kwa wino wa zambarau, herufi zenye mikia mirefu, kikisema kwamba fulani amefuzu daraja ya juu ya uongozi wa kazi. Serikali haikukitambua. Hakuna tajiri aliyekitambua. Yeye alikaa wiki nzima akikiandika, na akikosea herufi moja alikitupa akaanza upya. Siku ya kukitoa alipiga pasi koti lake, akakukabidhi kwa mikono miwili. Changu ninacho. Nimekitengenezea fremu ya mninga.

Hata hivyo, ninapomkumbuka kwa shukrani, ninakumbuka zaidi jambo la Alfonsi.

Alfonsi alikuwa kijana wa upande wa Masasi, mchongaji. Aliingia kwetu kuchonga miguu ya meza na milango ya makabati, na kazi yake ilikuwa nzuri mpaka wateja walikuja kumwulizia yeye. Karakana yetu ilikuwa na msumeno mmoja wa mashine. Msumeno ule ulikuwa na kinga ya chuma juu yake, lakini tajiri, yaani mwenye karakana, aliamuru iondolewe kwa kuwa mbao nene za mvule zilikuwa zinakwama. Nilimpinga, akasema ni kwa siku chache tu. Kinga ikawekwa juu ya kabati ikabaki huko. Asubuhi moja nilikwenda mjini kupeleka kabati la mteja. Mpasuaji mbao wetu alikuwa mgonjwa, na tajiri akamweka Alfonsi kwenye msumeno. Niliporudi nilikuta vumbi la mbao chini limelowa damu. Alfonsi alikuwa amepoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Tajiri alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, akamfunga mkono kwa kilemba chake, akakaa naye mpaka daktari alipofika. Namstahi kwa hilo. Lakini kesho yake aliniita. Hakunitisha. Aliniuliza hali ya watoto, akaniagizia chai, kisha akasema:

"Ofisa wa kazi anakuja Alhamisi kuuliza. Utamwambia Alfonsi alikuwa amelewa."

"Hakuwa amelewa, bwana. Hanywi."

"Juzi ilikuwa sikukuu kwao. Nani atabisha? Wewe ndiye msimamizi, neno lako litatosha." Akaweka kikombe chini. "Wakiona kosa ni la msumeno watafunga karakana. Wote watarudi nyumbani. Saidi atarudi nyumbani. Alfonsi mwenyewe, akipona, atarudi wapi?"

Hapo ndipo aliponikamata. Angenitisha mimi peke yangu, nadhani ningejua la kufanya. Lakini nilitoka pale nikawatazama wale watu wameinama kwenye kazi zao, na kila niliyemtazama nilijua watoto wake kwa majina.

Jioni ile niliomba kiti cha mbele. Nikaeleza yote. Darasa likagawanyika. Mnyapara wa barabara akasema ukweli ni ukweli. Mkuu wa wahudumu akasema hapana, na sikumwona mbaya, maana alisema kile nilichokuwa nakifikiri mimi.

"Familia zote zile?" akasema. "Vidole vimekwisha kwenda. Hata ukisema kweli havirudi."

Sauti zilipoanza kupanda, Mwalimu akagonga meza. Akamwambia mkuu wa wahudumu aje mbele awe mimi. Kisha akaniambia mimi niwe Alfonsi. Akanishika mkono wa kushoto, akaukunja, akaubana kwapani mwangu, kama mtu anavyoficha mkono unaouma.

"Alfonsi," akasema, "msimamizi wako huyu hapa. Mwambie unataka nini kwake."

Nilifungua mdomo. Nilidhani nitasema nataka nilipwe haki yangu, au nataka nirudi kazini. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno hayo. Lakini nilipomtazama yule bwana aliyesimama mahali pangu, na mkono wangu umebanwa vile, kilichotoka ni kingine kabisa.

"Usiwaambie watu nilikuwa nimelewa," nikasema. "Mama yangu atasikia."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa wahudumu akainamisha kichwa.

"Tumemaliza," Mwalimu akasema. "Nendeni nyumbani."

Nilimkasirikia. Nilimngoja mlangoni nikitumaini ataniita kando anipe neno la kushika. Akapanda baiskeli yake, akanitakia usiku mwema, akaenda zake.

Alhamisi, kabla ya ofisa kufika, nilisikia kengele ya baiskeli nje ya karakana. Mwalimu akaingia na koti lake jeusi katika joto lile. Akamwamkia tajiri vizuri, akasema anataka kuagiza ubao wa darasa, mkubwa, wenye miguu. Tajiri alifurahi kupata mteja. Mwalimu akaomba akae kidogo apumzike, akafuta takataka za randa kwenye benchi, akakaa.

Ofisa akaja na mkalimani wake. Akatazama msumeno, akaandika, akauliza nani msimamizi. Nikasogea. Mkalimani akasema:

"Bwana anauliza, yule mtu alikuwa amelewa?"

Tajiri alikuwa amesimama karibu sana nami. Nilimtazama Mwalimu. Hakunitazama. Alikuwa amegeukia upande wa Saidi, anamwangalia anavyopiga msasa kama mtu aliyevutiwa na kazi ile. Hata leo sijui angefanya nini kama ningejibu vingine. Nadhani angeagiza ubao wake, akaondoka, na jioni angenikaribisha darasani kama kawaida. Nadhani hilo ndilo lililonishinda.

"Hakuwa amelewa," nikasema. "Kinga ya msumeno ile pale juu ya kabati. Iliondolewa, naye hakuwa mpasuaji mbao."

Karakana haikufungwa. Waliamuru kinga irudishwe, na ikarudishwa siku ile ile, na mbao za mvule zikaendelea kukwama kama zamani. Alfonsi alipata haki yake kwa sheria, akapona, akarudi kuchonga. Alijifunza kushika mti kwa nyayo za miguu, na milango aliyochonga baadaye siwezi kusema ilikuwa duni kuliko ya kwanza. Mimi, mwisho wa mwezi, niliambiwa kwamba kazi zimepungua na msimamizi hahitajiki tena. Tajiri aliniambia hivyo kwa upole, akaniuliza hali ya watoto.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Alikuwa anawasha taa.

"Nilijua watakutoa," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza, ningekuambia. Hukuuliza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeeleza kila kitu na sikuuliza mambo yangu mimi yatakuwaje. Nilikaa kwenye benchi nikaona nimekwisha. Nina mke, nina watoto, nina cheti cha wino wa zambarau. Jioni ile hakufundisha. Alinikalisha kwenye kiti cha mbele, akawaambia wenzangu shauri la leo ni huyu hapa, na wasitoe shauri kabla ya kuuliza. Wakaniuliza mpaka nikachoka: naweza kazi gani, siwezi gani, nani ananijua mjini, mke wangu anasemaje. Mwisho mkuu wa wahudumu, yeye aliyetaka nifiche, akasimama akasema hotelini kwao viti na vitanda vinavunjika kila siku na hakuna mtu wa kuviangalia, na kwamba asubuhi atazungumza na bwana mkubwa wake. Akazungumza naye. Nilifanya kazi katika hoteli ile miaka mingi, nikawa na karakana yangu ndogo uani pake, na mtu wa kwanza niliyemwita aje tufanye kazi pamoja alikuwa Saidi.

Ubao wa Mwalimu ulitengenezwa kweli. Nilikuwa nimekwisha kuondoka Keko, wakautengeneza wengine, na mpaka shule inafungwa hakuacha kunilalamikia kwamba mguu mmoja wa ubao ulikuwa mfupi.

Shule ilifungwa miaka michache kabla ya Uhuru. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake, na makampuni yalikuwa yameanza kuwapeleka watu wao kusoma uongozi mahali pengine, palipo na viti vya kuegemea. Mwalimu hakuhuzunika, au hakuonyesha. Aliwaandikia cheti waliobaki, akamwachia yule mlinzi mabenchi, akahamia Kimbiji kwa jamaa za mkewe.

Sikwenda kumwona upesi kama nilivyopaswa. Kimbiji ilikuwa mbali siku zile; unavuka kwa pantoni hadi Kigamboni, unapanda lori la mizigo, na lori likinasa mchangani unamaliza kwa miguu. Nilipokwenda hatimaye, niliambiwa yuko bandani na wenzake, kwenye mbata. Wenye minazi wa pale walikuwa wameungana kukausha nazi zao na kuziuza pamoja, na siku ile walikuwa wanangoja lori la mnunuzi. Niliwakuta watu wengi wamechutama, wanachambua mbata na kuzitia maguniani. Yeye alikuwa katikati yao, amevaa msuli na fulana. Nilichelewa kumtambua kwa kuwa sijapata kumwona bila koti.

Kabla sijamfikia, kijana mmoja aliyepachika kalamu sikioni akainama kwake. Alikuwa katibu wa chama, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Mzee, hiyo bado mbichi," akasema kwa sauti kubwa mbele ya watu wote. "Utatuozeshea gunia zima. Irudishe juani."

"Ndiyo, bwana katibu," Mwalimu akasema, akainuka kwa kujikongoja, akairudisha juani.

Moto ulinipanda. Nilikwenda nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaniitikia akanishika mikono yote miwili, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa yule kijana. Nikamwambia Mwalimu nataka kumweleza huyu anazungumza na nani.

"Kaa chini," akasema.

"Anakupigia kelele, Mwalimu, mbele za watu."

"Masikio yangu yamekufa, asipopiga kelele simsikii. Na mbata ilikuwa mbichi kweli." Akanisogezea gunia tupu nikalie. "Huyu anasimamia vizuri. Jana alikosea hesabu ya magunia, akasimama hapo akatuambia amekosea. Mimi nilichukua miaka mingapi kuweza hivyo? Chambua, lori linakuja."

Tukachambua. Akaniuliza habari za Saidi, za Bi Mkunga, za mkuu wa wahudumu ambaye sasa alikuwa mgonjwa. Kila jibu nililirudia kwa sauti zaidi, na mara nyingine alijibu swali nisilouliza. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu. Njia nzima, ndani ya lori na kwa miguu mchangani, nilikuwa nimeyapanga, na niliona muda unakwisha. Nikamsogelea karibu na sikio.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru."

"Nani amekufa?"

"Kukushukuru, Mwalimu."

Akatikisa kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Basi nikasema kwa sauti yangu yote ya karakana, ile ya kuushinda msumeno. Nikasema nimekuja kumshukuru. Nikasema siku ya Alhamisi ile alikaa kwenye benchi letu na sikupata kumwambia kwamba nilimwona. Watu waliacha maguniani mikono yao wakatutazama, na katibu akaja mbio na kalamu yake, akidhani tumegombana.

"Kuna nini hapa, mzee?"

Mwalimu alimwinulia uso. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kutufundishia.

"Hakuna kitu, bwana katibu. Huyu ananishukuru."

Kijana akanitazama mimi, akamtazama yeye, akageuka kuitazama barabara ambako vumbi la lori lilikuwa limeanza kuonekana juu ya minazi.

"Basi amalize," akasema. "Tuna nafasi mpaka lori lifike."

Wale watu wote wakanigeukia wakingoja, na mimi nikavuta pumzi, nikamaliza.